Kaka anataka mkuyu ukatwe kabla ya sheria kufika

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye umri wa miaka 43, na ninaishi na mama yangu mzazi kando ya ziwa, mwendo wa daladala moja kutoka Mwanza mjini. Naomba jina langu na la mtaa wetu yasitajwe, kwa sababu baadhi ya watu ninaowaeleza humu wanasoma safu hii, na wengine nasali nao kila Jumapili.

Marehemu baba alihamia hapa akitokea Ukerewe, akanunua kiwanja kwa wenyeji, na mkuyu ninaotaka kukueleza habari zake aliukuta tayari ni mti mkubwa. Leo watu watatu wazima wakishikana mikono hawalizungushi shina lake. Makuyu yanaota kwenye matawi manene na hata kwenye shina lenyewe, yakiiva yanaanguka mfululizo, na kila alfajiri mama huyafagia pamoja na mbegu na mavi ya popo kabla nzi hawajaamka. Akina mama wanaopanda kutoka mwaloni na ndoo za dagaa huzitua chini ya mti huo, wakapumzika, wakapanga bei. Mwaka 2020, ziwa lilipofurika, maji yalifika hatua chache kutoka mizizi yake, na majirani wawili walio chini yetu walilazimika kuhama.

Matatizo yameanza mwaka huu, na yamekuja yote kwa pamoja. Kwanza ni jirani yetu wa upande wa kushoto. Matawi ya mkuyu yamevuka mpaka na kukaa juu ya bati lake, majani yanaziba mifereji inayojaza tangi lake la maji, na wakati wa masika tawi moja lilivunjika usiku likaangukia banda lake la kuku. Nilimlipa kuku na mbao, lakini maneno aliyoyasema mbele ya wapangaji wake sijayasahau. Anasema tawi lijalo likiangukia mtoto atanipeleka mahakamani.

Pili ni kaka yetu mkubwa, ambaye anaishi Dar es Salaam. Amepata mnunuzi wa nusu ya kiwanja, ile nusu ya chini yenye mkuyu, anayetaka kujenga nyumba ya wageni inayotazama ziwa. Bei ni nzuri, sitaficha. Nyumba ninayojenga nyuma ya ile ya mama imeishia kwenye linta tangu mume wangu alipofariki, na mgawo wangu ungeipaua na kubaki na ada ya mwanangu aliye kidato cha tano. Lakini mnunuzi ameweka sharti: anataka kiwanja kikiwa kisafi, mti umeshang'olewa, na gharama iwe juu yetu.

Tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika mkutano wa mtaa uliopita, mwenyekiti alikuja na afisa misitu, wakatueleza kwamba halmashauri inaandaa sheria ndogo ya kulinda miti mikubwa na miti yenye historia, hata ile iliyomo ndani ya viwanja vya watu. Shina litapimwa kwa utepe kwenye usawa wa kifua, mti utapewa namba na kuandikwa kwenye daftari, na baada ya hapo mwenye kiwanja hataruhusiwa kuukata bila kibali; akiukata atatozwa faini. Wakasema maoni ya wananchi yatapokelewa ofisi ya mtaa hadi mwisho wa mwezi ujao.

Nilimsimulia kaka habari hiyo kwa nia njema kabisa. Tangu siku ile ananipigia simu kila jioni. Anasema niukate sasa, kabla utepe haujafika, kwa sababu mti usiokuwepo hauandikwi. Ameshaongea na kijana mwenye msumeno wa mashine, ambaye yuko tayari kuja Jumapili wakati majirani wako kanisani. Nikisitasita ananiambia kwamba mimi ndiye nitakayeifanya ardhi ya baba iwe ya serikali.

Mama nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fanyeni mnavyoona," akaendelea kuchambua dagaa. Lakini tangu siku hiyo hajakaa tena chini ya mkuyu. Kigoda chake amekihamishia barazani. Mwenzangu mmoja wa kwaya naye ananiambia niharakishe kuukata kwa sababu mikuyu ni makazi ya majini, nami sijui nimjibu nini bila kumvunjia heshima.

Mshauri, mimi mti huu naupenda, lakini pia nimechoka nao. Je, ni kosa kufanya jambo ambalo leo halijakatazwa, kwa kuwa tu najua kesho litakatazwa? Serikali ina haki gani ya kuniamulia kuhusu mti uliomo ndani ya uzio wangu? Na kaka nimwambie nini, ambaye tangu baba afariki ndiye tunayemwita baba?

Ni mimi, Mwalimu wa Ziwani.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mwenzio, na pole kwa simu za kila jioni, maana nimezihisi hata katika mwandiko wako: barua inaanza kwa utulivu na inamalizika mbio.

Nikikuelewa vizuri, unaulizwa swali moja na kaka yako, nalo ni kukata sasa au kutokata kabisa, na swali hilo limewekewa saa. Lakini ndani ya barua yako mimi naona mambo manne ambayo hayana saa moja. Upo mti wenyewe, ambao unaweza kuwa na hatari au usiwe nayo. Ipo sheria ndogo ambayo bado ni rasimu. Upo uuzaji wa kiwanja. Na yupo mama aliyehamisha kigoda. Kaka ameyafunga yote manne kwa kamba moja na kuipa jina la Jumapili, na nadhani kazi yetu ya kwanza, kabla ya kukata shauri lolote, ni kuyafungua moja moja.

Nianze na jambo ambalo barua yako haikuligusa hata kidogo. Kiwanja kilikuwa cha baba. Je, mirathi ilifunguliwa? Yupo kati yenu aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Familia nyingi za kwetu huliacha jambo hili kwa sababu halina ugomvi, na linakuja kuwa na ugomvi siku mnunuzi anapotokea. Ikiwa hakuna msimamizi, basi kaka yako, pamoja na heshima yote anayostahili kama mkubwa wenu, hana mamlaka ya kuuza nusu ya kiwanja, nawe huna mamlaka ya kuondoa kitu kikubwa kilichomo humo bila mama na ndugu wengine kuridhia. Mambo haya huanzia Mahakama ya Mwanzo, na huhitaji muhtasari wa kikao cha ukoo. Nalisema mapema kwa sababu mkuyu ukishaanguka halafu mauzo yakakwama kwa kukosa msimamizi, mtabaki bila mti na bila fedha.

Sasa nije kwenye swali lako la haki ya serikali, maana umeliuliza kwa uchungu na linastahili jibu la heshima. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuimiliki na kuitumia, nayo hutolewa kwa masharti. Hapo hapo, sheria hiyo hiyo inahesabu vitu vinavyoota kwa asili juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Kwa hiyo mkuyu ni wenu kwa maana ileile ambayo kiwanja ni chenu. Ni umiliki wa kweli, lakini haukuwahi kuwa umiliki usio na masharti, na kaka anapokuambia kwamba kuandikwa kwa mti kutaifanya ardhi ya baba iwe ya serikali, anachanganya mti kuandikwa na ardhi kutwaliwa. Kuandikwa kunakubana usifanye jambo fulani bila kuuliza. Hakuhamishi kitu mkononi mwako.

Ningependa pia ulitazame upya wazo kwamba leo hakuna katazo na kesho litakuwepo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inampa Waziri uwezo wa kuitangaza miti kuwa imehifadhiwa, na mti wa namna hiyo haukatwi bila leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufuko, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Halmashauri nazo huwa na sheria ndogo za zamani za mazingira ambazo watu hawazikumbuki mpaka siku ya kushtakiwa. Kwa hiyo swali la kumpelekea afisa misitu, kwa maandishi, ni kama mkuyu huu, mahali ulipo, unahitaji kibali leo hii, kabla ya sheria ndogo mpya. Inawezekana jibu likawa hapana. Lakini kijana wa msumeno siye wa kukupa jibu hilo, wala kaka aliye Dar es Salaam.

Hizo mita 60 zinamhusu mnunuzi kuliko zinavyokuhusu wewe. Umesema maji ya 2020 yalifika hatua chache kutoka mizizi. Ikiwa nusu ya chini ya kiwanja, au sehemu yake kubwa, imo ndani ya kipimo hicho, basi nyumba ya wageni anayoiwaza huenda isipate kibali cha ujenzi, mkuyu uwepo au usiwepo. Je, amepima? Amekwenda ofisi ya mipango miji? Mtu aliye tayari kutoa fedha nyingi lakini anataka ninyi muondoe mti kwanza, kwa gharama yenu, kabla hajalipa, anawaachia ninyi hatari yote. Faini ikija, itakuja kwa jina lenu. (Nami sijaacha kushangaa jinsi wanunuzi wa viwanja vya ufukweni wanavyotaka kiwanja kitupu, halafu wakishajenga wananunua miavuli ili wageni wapate kivuli.)

Kuhusu kilichomo ndani ya sheria za namna hii, naona wasiwasi wako unatokana na kudhani kwamba mti ukipewa namba hautaguswa tena hadi mwisho wa dunia. Huko zilikozoeleka haziko hivyo. Uingereza, ambako amri za kulinda mti mmoja mmoja zilipata nguvu katika sheria ya mipango miji ya mwaka 1947, mwenye kiwanja anabaki kuwa mwenye mti na mwenye wajibu wa kuutunza. Kazi yoyote ya kuukata au kuupunguza inaombewa ruhusa, isipokuwa mti uliokufa au tawi lililo hatari ya karibuni. Kule Adelaide, Australia, kipimo ni mzingo wa shina, unaopimwa mita moja kutoka ardhini: tangu Mei 2024 mti wenye mzingo wa mita moja au zaidi unahitaji ruhusa, na wenye mita mbili unahesabiwa kuwa wa thamani ya pekee, lakini upo msamaha kwa miti fulani na kwa ile iliyo karibu mno na nyumba. Na hapa jirani, Nairobi, Novemba 2020 ilitoka amri ya Rais Uhuru Kenyatta kuunusuru mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way, ndugu wa karibu wa mkuyu wako, usikatwe kupisha barabara ya juu. Huo ulikuwa kando ya barabara, haukuwa ndani ya uzio wa mtu, na ndiyo maana uamuzi wake ulikuwa mwepesi. Sherehe za kuokoa mti zinapendeza pale ambapo hakuna mama mjane anayedaiwa mbao za banda la kuku.

Hapo ndipo ninapokubaliana na sehemu ya malalamiko ya kaka yako. Sheria nyingi za kulinda miti zina uchoyo. Zinamdai mwenye kiwanja avumilie majani, mizizi, popo na jirani, kwa faida ya mtaa mzima, na hazimpi hata fundi wa kupunguza matawi. Tena zikitangazwa mapema mno, huharakisha maangamizi ya kilekile zinachotaka kukilinda, kwa kuwa kila mwenye hofu huwahi na msumeno. Waingereza walilitambua hilo, ndiyo maana amri yao huanza kufanya kazi ya muda mara tu inapotolewa, na maoni husikilizwa baadaye. Kwetu utaratibu ni mwingine. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo na ipokee pingamizi zao, kisha sheria hiyo hupelekwa kwa Waziri kuidhinishwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Maana yake ni kwamba muda uliopewa hadi mwisho wa mwezi ujao ni muda wa kusema. Kaka ameugeuza kuwa muda wa kukata.

Ungesema nini basi, kama ungeamua kusema? Ungeweza kuuliza kama kupunguza matawi yanayovuka mpaka kutahitaji kibali, na kitachukua siku ngapi. Tawi likivunjika nusu usiku wa Jumamosi, utaruhusiwa kuliondoa kabla ofisi haijafunguliwa? Atakayelipa fundi ni nani, mti ukiwa umeandikwa kwa faida ya wote? Na je, mwenye mti atapata nafasi ya kukata rufaa? Mwalimu kama wewe anaweza kuyaandika haya kwenye ukurasa mmoja, akapata sahihi za wenye miembe na mikuyu wenzake. Hatari yake ni kwamba ukishaandika barua, mkuyu wako utajulikana, na njia ya kuukata kimyakimya itakuwa imefungwa. Sina budi kukueleza hilo waziwazi, kwa sababu kwa mtu ambaye moyoni ameshaamua kukata, hiyo ni hasara.

Tuje sasa kwenye mti wenyewe. Nimefurahi kwamba umeueleza kwa macho ya mtu anayeufagilia. Makuyu yanayoota kwenye shina hayatokei bila nyigu wadogo sana wanaoingia ndani ya tunda kulichavusha, na mkuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, ndiyo maana popo na ndege hawauhami. Mizizi yake inayotafuta maji ndiyo hiyo inayoshika udongo wa mteremko wenu. Siwezi kukuambia kwamba ndiyo iliyoyazuia maji ya 2020 yasifike barazani, lakini kabla ya kuing'oa ningemuuliza mtu anayejua udongo. Mti wa ukubwa huo ukikatwa, mizizi huoza chini polepole na kuacha mashimo, na ikiwa imepita chini ya ukuta wa jirani au shimo la choo, ufa unaweza kujitokeza miaka kadhaa baada ya ninyi kusahau.

Hata hivyo jirani yako ana hoja, na nisingependa uifunike kwa kuwa tu alisema maneno makali. Mti ulishaangusha tawi. Tangu usiku ule huwezi tena kusema hukujua, na mwenye mti anayejua hatari na kukaa kimya anaweza kuwajibishwa likitokea la kutokea. Ukiuacha mkuyu, hutauacha kwa kukaa tu. Utauacha kwa kuutunza. Fundi anayeijua kazi hakati kichwa chote cha mti kwa siku moja, kwa sababu matawi yanayochipua upya juu ya kisiki huwa dhaifu na hung'oka kwa upepo. Hupunguza kidogo, isizidi robo ya matawi kwa mara moja. Huanza kwa kukata chini ya tawi ili likianguka lisichane gome hadi kwenye shina, halafu humalizia nje kidogo ya lile vimbe linalounganisha tawi na shina, mahali ambapo mti wenyewe huziba jeraha. Kijana wa Jumapili ukimuuliza habari ya vimbe hilo akacheka, utakuwa umeshamjua.

Pengine jirani angekubali mchangie gharama ya kuondoa matawi yaliyo juu ya bati lake na kufunika mifereji ya tangi kwa wavu, mkaandikiana mbele ya mjumbe. Akikataa, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, nalo kwa jambo kama hili linatosha.

Fedha sijazisahau. Ukuta ulioishia kwenye linta unanyeshewa, na kidato cha tano hakisubiri. Yeyote atakayekuambia uuhifadhi mkuyu bila kukuuliza habari ya nyumba hiyo hajakutendea haki. Je, mmewahi kufikiria kuuza sehemu nyingine, iliyo mbali na maji, hata kama ni kwa bei ya chini? Au kumwonyesha mnunuzi huyu kiwanja na mkuyu wake, kwa masharti kwamba yeye ndiye atakayeomba kibali cha kuukata akitaka, kwa jina lake na kwa fedha zake? Anaweza kukataa na kuondoka, na hilo litauma. Anaweza pia kubaki akapunguza bei. Lakini hapo angalau mtajua thamani ya mti huo kwa shilingi, jambo ambalo sasa mnalibahatisha.

Ukikata kabla ya sheria na ikathibitika kwamba leo hakuna kibali kinachohitajika, hutakuwa umevunja sheria, na sitakuita mkosaji. Swali lako, hata hivyo, halikuwa la sheria peke yake. Uliniuliza kama ni kosa, na nadhani umeuliza kwa sababu ya ile siku iliyochaguliwa. Kazi halali kwa nini ingojee watu waende kanisani? Jiulize kama ungekuwa tayari kuifanya Jumanne saa nne asubuhi, jirani akitazama, mama akiwa barazani na akina mama wa dagaa wakipita. Ukiona ungeweza, basi shaka yako ni ndogo kuliko ulivyodhani. Ukiona usingeweza, naomba usilipuuze hilo.

Kwa mwenzako wa kwaya usijisumbue sana. Mwambie mtaliombea jambo hilo pamoja, kisha mwombe akusaidie kufagia makuyu siku moja alfajiri.

Mama ndiye ninayemfikiria zaidi. "Fanyeni mnavyoona" ya mwanamke wa umri wake mara chache huwa ruhusa. Mara nyingi ni njia ya kujitoa kwenye ugomvi wa watoto wake ili asimpoteze yeyote kati yao. Ulimweleza yote, umesema. Ulimuuliza? Si kwa kumwita kikaoni na kumtaka atamke. Kaa naye mchambue dagaa, umwambie akusimulie siku baba alipokinunua kiwanja, na wenyeji walisema nini kuhusu mti ule. Inawezekana upo mwiko au ahadi usiyoijua. Inawezekana pia akakuambia kwamba amechoka kufagia mavi ya popo kwa miaka yote hiyo na anaona aibu kulisema mbele ya watoto wanaoutukuza mti wa baba yao. Mimi sijui, nawe hujui, na kuhamisha kigoda kuna maana zaidi ya moja.

Na kaka? Ninyi mnamwita baba, na nisingependa umjibu kama mtu anayeshindana naye. Labda ungeanza wewe kumpigia, asubuhi, kabla hajapiga yeye jioni, ukamwambia: "Kaka, sijakataa. Ninachoomba ni tusikate kitu cha baba kabla hatujapata msimamizi wa mirathi, kabla mnunuzi hajapima mita sitini, na kabla mama hajasema la moyoni mwake. Haya matatu nitayashughulikia mimi huku, wewe nisaidie kuitisha kikao cha ukoo." Umempa kazi inayomstahili mkubwa, na umemwondolea ile Jumapili. Anaweza kukasirika. Anaweza kukuambia mnunuzi hatangoja, na huenda akawa anasema kweli. Mpime kwa maneno atakayoyatumia: mtu anayehofia familia ikose fedha huongea tofauti na mtu aliyeshapokea malipo ya awali. Hilo nalo ungemuuliza, kwa upole, kama lipo.

Ukienda kwa afisa misitu, mwombe aje apime shina na kulikagua kama lina uozo, jirani naye akiwepo, ili anayosema kuhusu hatari yasikilizwe na masikio mawili tofauti siku moja. Chukua picha ya matawi yaliyo juu ya bati kabla hayajaguswa. Ukurasa wako wa maoni upeleke ofisi ya mtaa ukiwa na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukishaongea na mama niandikie tena, hata kama atakachosema kitakuwa kinyume cha yote niliyoyadhani hapa.